Tovuti na programu za bure: zipi mtu anaweza kuzitegemea kila siku?

Katibu_Mpya

Wakuu, salamu kwenu. Nimekabidhiwa ukatibu wa kikundi chetu, na pamoja na ukatibu nimekabidhiwa folda nzima ya vurugu: fomu za wanachama zilizopigwa skani, mihtasari ya vikao iliyochapwa kwa programu tofauti tofauti, picha za risiti zilizopigwa kwa simu huku mkono ukitetemeka. Kompyuta yenyewe ni ya zamani, ina Windows 10 na RAM ya GB 4. Fungu la kununua programu halipo, na zile "zilizovunjwa" sizitaki.

Kazi zinazonirudia kila mara ni kuunganisha PDF kadhaa ziwe moja, kuzipunguza uzito ziweze kwenda kwa barua pepe, kutoa maandishi kwenye picha nisichape upya, na kuhamisha mafaili kutoka kwenye simu bila waya. Halafu nataka mahali pa kutunza maneno ya siri, maana aliyenitangulia aliyaweka yote kwenye faili la Word linaloitwa "paswedi".

Nimejaribu kutafuta mwenyewe. Tovuti moja iliniunganishia vizuri, nilipoleta kazi nyingine ikasema za bure zimekwisha. Nyingine ikapiga muhuri wake kila ukurasa. Nyingine ikanifungulia dirisha jekundu lenye king'ora, eti kompyuta yangu imejaa virusi, nipige simu namba fulani. Ninyi wenyewe mnatumia nini, na kwa nini?

Chuma2

Mkuu mbona unajitesa? Nenda iLovePDF, au PDF24, au Smallpdf. Buruta, bonyeza, shusha. Za picha tumia Photopea. Umemaliza.

Masjala

Chuma hajakosea, lakini karuka hatua ya kwanza.

Katibu, mimi nimefanya kazi ya masjala tangu faili lilipokuwa jalada la karatasi lenye kamba. Kule kwetu jalada likitoka kabatini swali la kwanza ni hili: limekwenda kwa nani? Ndilo ninaloiuliza kila tovuti kabla sijatazama uzuri wake. Zile orodha za "tovuti 50 bora" hazikusaidii kitu kama hujui mafaili unayozipa yanakwenda kulala wapi, na wewe umesema una fomu za wanachama. Zile zina majina, sahihi, namba za vitambulisho. Si zako.

Tovuti hizi ziko za aina mbili, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Aina ya kwanza, faili linasafiri hadi kwenye seva yao, kazi inafanyika huko, kisha unashusha lililotengenezwa. Aina ya pili inaleta programu ndogo ndani ya kivinjari chako, kazi inafanyika hapo hapo kwenye kompyuta yako, na faili halitoki. Ukurasa ni ule ule: kiboksi kikubwa katikati, "buruta faili lako hapa".

Namna ya kuzitambua ni rahisi na haihitaji ufundi. Fungua ukurasa, usubiri umalize kupakia. Zima Wi-Fi. Kisha buruta faili lisilo na siri yoyote, hata picha ya ukuta, uone linakwenda wapi. Anza na Squoosh (squoosh.app), iliyotolewa na watu wa Chrome kule Google mwaka 2018 kwa ajili ya kupunguza uzito wa picha. Mtandao umezimwa, yenyewe inaendelea tu: picha inagawanyika katikati ya skrini, upande mmoja ya asili, upande wa pili iliyopunguzwa, unavuta kitelezi cha ubora na uzito unashuka mbele ya macho yako. Photopea nayo ukishaifungua inafanya kazi bila mtandao. Sasa fanya hivyo hivyo na tovuti nyingi za kuunganisha PDF uone zitakavyokwama.

Kukwama peke yake si ushahidi kwamba wanachukua faili, maana nyingine huleta vipande vya programu pale tu unapobonyeza kitufe. Lakini iliyofanya kazi bila mtandao, nawe ukaufunga ukurasa kabla ya kuwasha Wi-Fi, basi hiyo haikuondoka na kitu.

Kwa fomu za wanachama, kwa hiyo, usitumie tovuti kabisa. Shusha programu ikae kwenye mashine. Mimi kwenye Windows natumia PDF24 Creator. Angalia vizuri hapa, kwa sababu jina ni moja na vitu ni viwili: tovuti ya PDF24 inapandisha mafaili kwenye seva zao, PDF24 Creator ni programu unayoweka kwenye kompyuta na kazi yote inafanyika kwako. Inaunganisha, inakata kurasa, inageuza zilizolala kichwa chini, inapunguza uzito, na inasoma maandishi kwenye skani. Ni ya bure hata kwa ofisi, na haipigi muhuri. Mbadala wake ni PDFsam Basic, ambayo inakwenda pia kwenye Mac na Linux, lakini hiyo kazi yake hasa ni kukata na kuunganisha.

Kuhusu uzito, elewa kinachofanya PDF iwe nzito, utaokoa muda mwingi. Mara nyingi si maandishi, ni picha. Karatasi ya A4 ikipigwa skani kwa nukta 300 kwa inchi inakuwa picha ya nukta 2480 kwa 3508, karibu milioni 8.7 kwa ukurasa mmoja. Ukishuka hadi 150 inakuwa 1240 kwa 1754, yaani robo yake, na fomu iliyoandikwa kwa kalamu bado inasomeka bila taabu kwenye skrini. Ukiondoa rangi, inapungua tena. Kwa hiyo kama skana iko mikononi mwako, rekebisha pale pale kwenye skana, usipige skani ya rangi kwa nukta 600 halafu uje kuhangaika na tovuti za kupunguza. Ila nakala ya kutunza kwenye kumbukumbu iache 300. Ile ya 150 ni ya kusafiria.

Na uhariri mdogo, kama kujaza tarehe au kuandika jina juu ya fomu, huhitaji programu yoyote mpya. Firefox tangu toleo la 106, mwaka 2022, inakuruhusu kuandika na kuchora juu ya PDF uliyoifungua ndani yake. Watu wanayo miaka yote na hawajawahi kubonyeza kile kitufe cha "T" juu kulia.

Mihtasari ya vikao iliyo kwenye mafaili ya Word ifungue kwa LibreOffice. Ilizaliwa mwaka 2010 kutoka OpenOffice, inatunzwa na The Document Foundation, na kwenye GB 4 inatembea. Jedwali lenye mapambo mengi linaweza kuhama kidogo. Mihtasari yako sidhani kama ina mapambo.

Chuma2

Shikamoo Masjala. Lakini tusitishane. iLovePDF wameandika wazi kwamba mafaili wanayafuta ndani ya saa mbili. Kampuni kubwa haina haja ya fomu za kikundi cha watu.

Masjala

Marahaba Chuma. Sijasema ni wezi. Tangazo la mkutano, ratiba, kipeperushi, mimi mwenyewe nawapa, na kazi wanafanya vizuri. Ila "tutafuta" ni ahadi, na mimi sina namna ya kuingia kwenye seva yao kuhakikisha. Programu iliyo kwenye mashine hainidai niamini kitu.

Tena hao wakubwa sio tatizo. Tatizo ni zile zinazotokea juu kabisa ukitafuta "geuza PDF kuwa Word bure", ambazo jina lake hujawahi kulisikia. Mwezi Machi 2025 ofisi ya FBI ya Denver, Marekani, ilitoa onyo kuhusu hizo hizo: faili unalipata limegeuzwa kweli, kama ulivyoomba, ila limekuja na virusi, au tovuti imechota namba na maneno ya siri yaliyokuwa ndani ya ulichopandisha. Hapo ndipo ubaya wake ulipo. Kazi inafanyika, kwa hiyo huna sababu ya kushtuka.

Pweza

Katibu, tatizo lako kubwa si PDF, ni hiyo Windows 10. Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Weka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Inahitaji RAM ya GB 2 tu, na wao wenyewe wanapendekeza 4, ambayo unayo. LibreOffice na Firefox zinakuja ndani yake tayari.

Masjala

Pweza, mtu kaomba sindano ya kushonea kifungo wewe unampa cherehani. Lakini la tarehe ni kweli, na Katibu asilipuuze. Dada au kaka (hujatuambia), Mint unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa kilicho kwenye diski. Siku una nafasi iwashe hivyo, uone kama Wi-Fi inashika na printa inatambulika. Vikikubali, ndipo uamue. Ila nakala ya folda yote iwe kwanza nje ya hiyo kompyuta.

Katibu_Mpya

Ni dada 😀 Ahsanteni sana. Nimezima Wi-Fi na kujaribu ile Squoosh, kweli inaendelea. Nikaijaribu na ile tovuti iliyonipigia muhuri, ikazunguka weee mpaka nikachoka.

Sasa kutoa maandishi kwenye picha? Na maneno ya siri? Pia nina swali: kuna orodha ya wanachama natakiwa kuituma nje lakini bila namba za simu. Nimezifunika kwa viboksi vyeusi kwenye PDF, inatosha?

Masjala

Haitoshi! Usitume.

Fungua hiyo PDF, weka mshale juu ya kiboksi cheusi, buruta kama unayechagua maandishi, kopi, halafu pesti kwenye ukurasa mtupu. Namba zote zitatokea. Kiboksi kimewekwa juu ya maandishi kama karatasi juu ya meza, maandishi yenyewe yako chini palepale. Mwezi Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Trump, waliwasilisha waraka mahakamani kwa mtindo huo. Waandishi wa habari walikopi na kupesti, na yaliyofichwa yakasomwa siku hiyo hiyo. Hao ni mawakili wa kulipwa.

Orodha kama iko kwenye jedwali, dawa ni nyepesi kuliko zote: futa safu nzima ya namba kwenye nakala, ndipo utengeneze PDF. Kama una skani tu, LibreOffice tangu toleo la 6.3 ina kifaa cha kufuta kwa kuziba. Inageuza kurasa kuwa picha, unaziba, na PDF inayotoka haina maandishi chini yake. Kisha rudia lile jaribio la kukopi na kupesti kabla ya kutuma. Kila mara.

Maandishi kwenye picha: ukiwa na Google Drive, pandisha picha, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya na uifungue kwa Google Docs. Utapata picha juu, maandishi yake chini. Inasoma Kiswahili vizuri. Lakini umeshaipandisha, kwa hiyo kwa risiti sawa, kwa fomu hapana. Kwa fomu rudi PDF24 Creator. Mambo madogo ya kwenye skrini, mfano ujumbe wa kosa usiokubali kukopiwa, weka PowerToys ya Microsoft, ya bure, kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Shift na T, uchore mraba juu ya maandishi. Yanaingia tayari kwa kupestiwa.

Programu hizi zote zina makosa yao ya kudumu, ukiyajua unayawinda. "rn" zikikaribiana zinageuka "m". Herufi O na sifuri, herufi l na moja, zinabadilishana viti. Kwetu sisi kuna kile kialama cha juu cha ng': kinapotea au kinageuka kuwa nukta, na hapo "ng'oa" inakuwa "ngoa". Aya za kawaida utazisamehe. Namba hapana: namba za simu na kiasi cha fedha zisome moja baada ya nyingine ukilinganisha na karatasi. Mashine ikikosea neno utaona limekaa vibaya, ila ikikosea tarakimu, tarakimu iliyokosewa inafanana kabisa na iliyo sahihi.

Maneno ya siri nawaachia vijana, najua wana ugomvi wao humu.

Pweza

Hakuna ugomvi, ni KeePassXC. Chanzo chake kiko wazi, yaani yeyote anaweza kusoma ilivyoandikwa, kila kitu kinakaa kwenye faili moja lililofungwa, hakuna akaunti, hakuna seva.

Chuma2

Na flashi yenye hilo faili ikipotea? Bitwarden. Ya bure haina kikomo cha idadi ya maneno ya siri wala vifaa, simu na kompyuta vinaona kitu kimoja. Nayo chanzo kiko wazi. Halafu mpango wa bure unaruhusu watu wawili washirikiane hifadhi moja, katibu na mwenyekiti mathalani. Kwa kikundi hiyo ndiyo inayofaa, akiondoka mmoja mwingine yupo.

Nusu_Usiku

Kabla ya yote hayo apitishe barua pepe ya kikundi kwenye Have I Been Pwned (haveibeenpwned.com) aone kama imo kwenye data zilizovuja. Ilianzishwa mwaka 2013 na Troy Hunt wa Australia. Unaandika anwani, inakutajia ni huduma zipi zilizovuja ukiwa humo. Mimi nilikuta yangu imetokea kwenye huduma ambayo nilishaisahau kabisa.

Ila kuna ukurasa mwingine hapo wa kuandika neno la siri lenyewe uone kama limevuja. Huo mimi siugusi. Nitampaje mtu paswedi yangu ili aniambie kama ni salama?

Pweza

Shaka nzuri, lakini ule ukurasa umetengenezwa kwa akili. Kivinjari chako kinaligeuza neno la siri kuwa mfuatano wa herufi na tarakimu 40, kisha kinatuma 5 za mwanzo tu. Seva inarudisha mifuatano yote inayoijua inayoanza na hizo 5, inakuwa mamia, na kulinganisha kunafanyika kwako. Wao hawaoni ni upi uliokuwa unautafuta. Hata hivyo kama roho haikubali, acha. Bitwarden na KeePassXC zote zina kipimo hicho hicho ndani.

Nusu_Usiku

Sawa, hapo nimekuelewa. Na lile dirisha jekundu la king'ora, Katibu: hakuna tovuti inayoweza kujua kompyuta yako ina virusi kwa wewe kuifungua tu. Likikugomea kufungwa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kwenye orodha inayofunguka chagua kivinjari, kiue. Namba ile usipige kamwe. Kisha weka kizuia matangazo, uBlock Origin, kwenye Firefox, matangazo ya namna hiyo utayasahau. Kwenye Chrome siku hizi ni uBlock Origin Lite, ambayo nguvu zake ni pungufu kidogo.

Masjala

Nyongeza hapo kwa Nusu_Usiku. Hivyo viprogramu vya kubandika kwenye kivinjari weka vichache, vile tu unavyovitumia. Vinabadilisha mikono bila wewe kuambiwa. Kulikuwa na kimoja kilichopendwa sana, The Great Suspender, kazi yake kulaza kurasa usizozitumia ili RAM ipumue. Mwaka 2020 mwenyewe alikiuza, na Februari 2021 Google wakakiondoa na kukizima kwenye kompyuta za watu kwa sababu kilikuwa kimegeuzwa kuwa kitu hatari. Waliokiweka kikiwa chema hawakubonyeza chochote kibaya. Kilijisasisha chenyewe.

Programu za kuweka kwenye mashine nazo, chukua kwa mwenyewe. Andika anwani kwa mkono, usibonyeze la kwanza linalotokea kwenye utafutaji, maana la kwanza mara nyingi ni tangazo. VLC ya kuchezea video iko videolan.org, LibreOffice iko libreoffice.org, 7-Zip ya kufunga mafaili kwenye kifurushi iko 7-zip.org. Ukikuta 7-Zip wanakutoza hela, hujafika kwa Igor Pavlov, ambaye anaitoa bure tangu 1999.

Faili ukilitilia shaka, lipeleke virustotal.com. Linapimwa na zana za kuwinda virusi zaidi ya 60 kwa mpigo, na hata kiungo ulichotumiwa unaweza kukipima pale bila kukifungua. Lakini kumbuka swali langu la jalada: unachopandisha VirusTotal kinashirikishwa na kampuni za usalama. Faili la kusakinisha programu, sawa. Fomu ya mwanachama iliyokuja kwa barua pepe, usiipeleke.

Nikianza sitaacha, lakini hii lazima niitaje. Everything, ya voidtools.com, kwa Windows. Inatafuta mafaili kwa majina, na matokeo yanatokea unavyoandika, herufi kwa herufi, hata kama una mafaili laki kadhaa. Ule utafutaji uliokuja na Windows, mahali ambapo haujaorodhesha mapema, unafuata folda moja moja kama karani mpya. Hii inasoma orodha ambayo diski yenyewe inaitunza. Faida yake ya kweli utaiona ukiyapa mafaili majina ya maana: tarehe mbele, mwaka kwanza, kisha kitu. "2025-03-14 muhtasari kikao cha kamati". Ukiandika hivyo mafaili yanajipanga yenyewe kwa tarehe bila kukuuliza. Ukikuta mtu ana faili linaitwa "mpya mpya KWELI ya mwisho 2", huyo tumuombee.

Katibu_Mpya

Hilo la mwisho limenigusa, kwenye hii folda yapo matatu ya hivyo.

Basi imebaki kuhamisha kutoka kwenye simu tu.

Chuma2

PairDrop. Fungua pairdrop.net kwenye simu na kwenye kompyuta, vyote viwe kwenye Wi-Fi moja. Kila kimoja kinaona kingine kwa jina la kuchekesha, unagusa, unachagua faili, linakwenda. Halipiti kwenye seva, linatoka kifaa hadi kifaa, Masjala asije juu.

Pweza

Au LocalSend, hiyo ni programu unaweka pande zote mbili, na haihitaji intaneti hata ya kufungua ukurasa. Vifaa viwe tu kwenye mtandao mmoja. Kwa anayehamisha picha nyingi kila mara hiyo ni bora.

Masjala

Sina ugomvi na yoyote kati ya hizo. Ila ukiwa kwenye Wi-Fi ya watu wengi, soma vizuri jina la kifaa kabla ya kugusa.

Mgeni_Njiani

Samahani kuingilia. Nimesoma uzi wote. Mimi natumia Mac, PDF24 Creator haipo. Nifanyeje?

Masjala

Unayo tayari. Fungua PDF ya kwanza kwa Preview, onyesha vijipicha vya kurasa pembeni kushoto, kisha buruta faili la pili ulidondoshe juu ya vile vijipicha, katikati ya kurasa unazotaka. Kurasa utazipanga upya kwa kuziburuta juu na chini. Ukimaliza toa nakala mpya, usihifadhi juu ya ile ya asili. Kile chaguo chao cha kupunguza uzito wakati wa kutoa nakala kinabana kupita kiasi, maandishi ya skani yanakuwa ukungu. Bora upunguze kwenye skana.

Katibu_Mpya

Swali dogo la mwisho: hizo fomu zikishakuwa PDF moja, natakiwa kumtumia mweka hazina kwa barua pepe. Nazifungaje?

Pweza

7-Zip. Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia, ongeza kwenye kifurushi, chagua aina ya 7z, andika neno la siri, na utie tiki pale pa kuficha majina ya mafaili, la sivyo asiye na neno la siri hatafungua ila atasoma majina yote yaliyomo. Ukilazimika kutumia zip ya kawaida, pale pa njia ya usimbaji badilisha iwe AES-256, maana ile inayokuja imechaguliwa ni ya zamani na inavunjika.

Masjala

Na neno la siri mpigie simu umtajie. Usiliandike kwenye barua pepe hiyo hiyo iliyobeba faili.